Mashine mnatununulia, sili zake je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa muda mrefu sasa. Kila nikifungua magazeti yetu nakuta habari kwamba hospitali fulani imepata mashine ya kisasa ya upasuaji wa matundu, yaani laparoskopi, kuna picha ya mkubwa ameshika mkasi wa kukatia utepe, nyuma yake skrini imewashwa, kamera inameta, watu wanacheka. Sawa, na mimi nafurahi, tena sana, maana ndo kazi inayonilisha. Ila hata siku moja sijasoma mahali mwandishi kauliza hizo sili za troka zipo ngapi stoo, na zikichoka zinanunuliwa wapi, na nani.

Najua wengi mtasema sili gani tena, na hiyo troka ndo nini. Ndo maana naandika.

Mi ni fundi vifaa tiba, niko hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, jina lake tuliache kwasababu haya siyo ya hospitali moja, ukikaa na mafundi wenzangu kwenye semina wakati wa chai kila mtu anakuja na ya kwake na zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja.

Sasa iko hivi. Kwenye upasuaji wa matundu dokta hafungui tumbo kwa chale ndefu, anatoboa matundu madogo matatu au manne, moja la milimita 5, lingine la 10 au 12, na kwenye kila tundu anapitisha bomba fupi linaloitwa troka. Kamera inapita kwenye bomba moja, makoleo, mkasi na kifaa cha kubana klipu vinapita kwenye mengine. Shida ni kwamba tumbo likiwa limelala hivihivi ndani hamna nafasi, utumbo umebanana na ukuta wa tumbo, ukiweka kamera unaona wekundu tu. Kwahiyo tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa mtu mzima kama lita 3 mpaka 5, linatuna, na hapo ndo dokta anapata uwanja wa kufanyia kazi. Wanatumia hiyo gesi na siyo hewa ya kawaida wala oksijeni kwasababu mle ndani kuna kifaa cha umeme kinachounguza mishipa ya damu, ukiweka oksijeni hapo unatafuta moto, halafu kaboni dayoksaidi inayeyuka haraka kwenye damu na mgonjwa anaitoa mwenyewe kwa kupumua.

Presha ya hiyo gesi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Milimita 12 mpaka 15 za zebaki basi. Ukipimwa presha ya mwili ukaambiwa 120 kwa 80, hiyo ya tumboni ni kama sehemu ya kumi ya ile ya juu. Lakini ndo hiyo hiyo inashikilia operesheni nzima, na kinachoizuia isitoroke, pale ambapo mkasi unaingia na kutoka mara kumi, mara ishirini, mara mia, ni vipande viwili vya raba au silikoni vilivyokaa kwenye kichwa cha troka. Hivyo ndo sili.

Cha kwanza ni duara lenye tundu katikati, linakumbatia fimbo ya kifaa kinachopita ili gesi isipenye pembeni. Cha pili kinakaa chini yake na kazi yake ni kujifunga pale kifaa kinapochomolewa, aidha ni kile cha umbo la mdomo wa bata, midomo miwili ambayo gesi yenyewe ikisukuma kutoka chini ndo inazidi kuibana, au ni kifuniko kidogo cha chuma chenye springi kinachopiga tap kikirudi. Zile troka za chuma za zamani zina kitufe cha kubonyeza kama cha tarumbeta, ukibonyeza vali inafunguka, ukiachia inafunga. Kwanini viwe viwili? Kwasababu lile duara bila kifaa ndani ni tundu wazi, na mdomo wa bata ukiwa umepitiwa na kifaa hauwezi kubana kuzunguka fimbo ya mviringo, unaacha pengo huku na huku. Kila kimoja kinafanya kazi wakati mwenzake hawezi. Kikifa kimoja, nusu ya operesheni unavuja.

Na usifikiri kifaa kinaingia na kutoka kimenyooka tu. Dokta anakipindisha kulia, kushoto, anakwenda kule chini kwenye nyonga, kwahiyo tundu la duara linavutwa linakuwa yai, hapo ndo gesi inapotafuta njia. Watengenezaji wazuri wamehangaika sana na hili jambo, wengine wanaacha duara lielee lifuate kifaa kinakokwenda, wengine wanapanga vipande vyembamba vinavyolaliana ili kikivutwa kimoja mwenzake azibe, na siku hizi kuna sili moja inayopokea kifaa cha milimita 5 mpaka cha 12 bila kubadilisha chochote. Zamani, na kwetu bado, ukitaka kupitisha kifaa cha 5 kwenye troka ya 10 lazima uvalishe kofia ya kupunguzia tundu, na hiyo kofia ndo ya kwanza kupotea, sijui huwa zinakwenda wapi, nadhani zinaondoka na takataka za theatre, yaani chumba cha upasuaji.

Ngoja niwaonyeshe inavyokuwa. Dokta yuko katikati ya kutoa mfuko wa nyongo, ameshaanza kuutenganisha na ini, mara unasikia ssssss. Mwanzo kila mtu anajifanya hajasikia. Kwenye mashine ya kujaza gesi umeweka 12, inasoma 10, halafu 8, halafu 6, inapiga kelele. Tumbo linashuka taratibu. Kwenye skrini ini linaisogelea kamera, picha inaingia ukungu, dokta anasimamisha mikono anasema, "Sista, gesi inakwenda wapi?" Sista aliyeskrabu anaweka kidole juu ya troka. Inatulia. Akitoa kidole, ssssss. Basi wanachukua glovu isiyo na vidudu, wanakata kidole chake, wanakivalisha juu ya kichwa cha troka, wanakifunga kwa uzi wa kushonea, wanatoboa katundu kadogo katikati wanapitisha koleo, na operesheni inaendelea kwa sili ya kidole cha glovu. Naongea kwa heshima kabisa, hao watu ni mafundi kuliko sisi mafundi. Lakini glovu haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inachanika, na kipande cha raba kikichanika pale kinaweza kuanguka tumboni na sasa una kazi mpya ya kutafuta kipande kidogo cha raba katikati ya mafuta ya tumbo.

Halafu naitwa mimi. "Fundi aje, mashine mbovu." Nikifika mashine nzima, inasukuma gesi vizuri kabisa, mtungi umejaa au ulikuwa umejaa kabla hawajaanza. Kesho yake troka ikishatakaswa naichukua naiangalia kwenye mwanga, navuta lile duara kidogo kwa vidole, naona mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Basi. Hiyo ndo mashine mbovu.

Mtu atasema gesi ikitoka si unaongeza tu. Unaongeza, ndio, kama mashine yako inaweza. Mashine mpya zinasukuma mpaka lita 40 kwa dakika, za zamani nyingi hazifiki 10, na uvujaji ukizidi uwezo wa mashine tumbo linalala tu utake usitake. Hata kama ina nguvu, gesi hiyo inatoka kwenye mtungi ikiwa baridi na kavu, lita nyingi zinazopita zinakausha utando wa tumbo na kumpoza mgonjwa, lensi ya kamera inapata ukungu kila dakika mbili. Wengine wanaona njia rahisi ni kupandisha presha iwe 18 au 20 ili kufidia, hapo ndo dokta wa usingizi anaanza kuhangaika, maana presha ikipanda tumboni inabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, inasukuma juu kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, mapafu yanakosa nafasi, na kaboni dayoksaidi inaingia zaidi kwenye damu, anaiona inapanda kwenye mashine yake. Anayepiga kelele theatre siku hiyo siyo mjeuri jamani, anaona namba ambazo sisi hatuzioni.

Na kuna moshi. Kile kifaa cha umeme kikiunguza nyama kinatoa moshi wenye kemikali kama benzini, troka inayovuja inautoa moshi wote puani kwa dokta na sista walioinama juu ya mgonjwa. Wakati wa korona, mwaka 2020, vyama vya madaktari wa upasuaji huu vya Marekani na Ulaya vilitoa tahadhari kuhusu gesi inayotoka kwenye matundu, watu wakahakiki sili zao, wakawa makini na moshi. Korona ilivyopungua nadhani umakini nao ukapungua.

Mwisho wa yote dokta anaamua kufungua tumbo. Na afungue, ni uamuzi sahihi, usalama kwanza, ikiwa haoni anachokata hana sababu ya kuendelea. Ila huyu mama aliyeambiwa atatoka kesho na vijeraha vidogo sasa anaamka na chale ndefu, anakaa wodini siku kadhaa, shamba linamsubiri, mtoto ananyonya, na hakuna atakayemwambia kwamba ilikuwa ni raba. Ataambiwa "ilishindikana".

Sasa tuje stoo. Niliandika maombi ya sili kwa kufuata taratibu zote. Mzee wa stoo, mtu mzuri tu, akaniita.

"Fundi, hii mashine kwani haiwaki?"

"Inawaka mzee."

"Sasa?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa upole. Akaniuliza hizi ni spea au ni vifaa vya kutumia na kutupa, kwasababu spea zina fungu lake na vifaa vya kutumia vina fungu lake. Nikamwambia zipo katikati, zinatumika mara kadhaa halafu zinatupwa. Akacheka, "Katikati hakuna fungu fundi." Na ndo ukweli wenyewe! Dawa zina mtu, glovu na nyuzi zina mtu, mashine kubwa ina mtu tena na sherehe juu, lakini kitu kinachoishi operesheni chache halafu kinakufa hakina mwenyewe. Famasia wanasema ni mambo ya ufundi, ufundi tunasema ni mambo ya theatre, theatre wanasema ni manunuzi, manunuzi wanataka namba ya kitu na maelezo, na hayo maelezo yako kwenye kitabu cha mashine ambacho kiliondoka na mtaalamu aliyekuja kuifunga.

Hii siyo shida ya Tanzania peke yake. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2011 uliokusanya hesabu za vifaa tiba kwenye nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 ya vifaa vimelala havifanyi kazi. Watu wanafikiri vimelala kwasababu mota zimeungua. Ukiingia kwenye lile chumba la nyuma ambalo kila hospitali inalo, ukapitia kimoja kimoja, vingi vimelala kwa kukosa vitu vidogo, waya, fyuzi, betri, oringi (zile raba za mviringo za kuzibia), sili.

Sasa troka zenyewe ziko za aina mbili na hapa ndo naomba wakubwa wanisikilize vizuri. Kuna za chuma, unazitumia miaka, zinachemshwa kwenye otokleivu, yaani mtambo wa kutakasa kwa mvuke wa moto, sili tu ndo zinabadilishwa. Na kuna za plastiki za kutumia mara moja, kwenye pakiti yake kuna alama ya namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara, maana yake usirudie. Ulaya na Marekani nyingi zinatupwa baada ya mgonjwa mmoja. Sisi tunaletewa za msaada, au mzabuni anatupa hizo ndani ya seti kwasababu zinapunguza bei ya mwanzo, na zikishatumika mara moja hatuna moyo wa kutupa, zinaoshwa, zinarudi. Plastiki ile haikutengenezwa kuvumilia nyuzi 134 za otokleivu, ikiingia inapinda, kwahiyo zinalowekwa kwenye dawa, glutaraldihaidi, dakika ishirini, zinasuuzwa, mgonjwa mwingine.

Jamani someni yaliyowapata Brazil. Mwaka 2006 na 2007 Rio de Janeiro kulikuwa na mlipuko wa vidonda visivyopona kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kamera, zaidi ya wagonjwa 1,000 walishukiwa, kwenye hospitali 63. Vilikuwa ni vidudu vya ukoo wa kifua kikuu ila siyo TB yenyewe, na vile vidudu vilikuwa vinavumilia ile glutaraldihaidi ya asilimia 2 ambayo watu walikuwa wanalowekea vifaa. Kidonda kinaonekana kimepona, baada ya wiki kadhaa kinatumbuka pale pale lilipokuwa tundu, mgonjwa anapewa antibayotiki za kawaida hazifanyi kitu. Mwaka 2009 mamlaka yao ya afya, Anvisa, ikapiga marufuku kutakasa vifaa vya namna hiyo kwa kulowesha kwenye dawa. Na ukitaka kujua damu inajificha wapi kwenye troka, fungua kichwa chake, angalia kwenye mikunjo ya sili. Kulowesha bila kuifungua na kupiga brashi ni kulowesha uchafu. Wenzetu wa CSSD, kitengo cha kutakasa vifaa, wanalijua hili, ila wakiletewa troka tatu na operesheni nne kwenye listi mnategemea wafanyeje?

Tena hili tatizo la gesi ni la zamani kama fani yenyewe. Mjerumani Georg Kelling alipoonyesha mwaka 1901 kwamba unaweza kujaza hewa tumbo la mbwa na kuchungulia kwa bomba, kazi ilikuwa ni hiyo hiyo, hewa ibaki ndani. Erich Mühe, huyu ndo alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mara ya kwanza duniani, Septemba 1985 pale Böblingen Ujerumani, alitengenezewa chombo chake mwenyewe chenye njia ya kupitishia vifaa na vali zake za kuzuia gesi. Baadaye akaachana na gesi kabisa, akawa anapita na bomba wazi chini ya mbavu. Wenzake walimbeza kweli kweli wakati ule, lakini hilo lina hadithi yake.

Namtaja Mühe kwasababu kuna watu wataniambia basi tufanye bila gesi. Inawezekana. Kaskazini mashariki mwa India kuna madaktari wa hospitali za vijijini wanafanya hivyo, wanainua ukuta wa tumbo kwa chuma kilichofungwa kwenye kitanda, hawahitaji gesi, hawahitaji sili, hata ganzi ya mgongo inatosha kwa wagonjwa wengi. Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza walishirikiana nao wakatengeneza kifaa kizuri cha kuinulia. Mi naona ni kitu cha kwenda kujifunza, hasa kwa hospitali za wilaya ambazo mtungi wa kaboni dayoksaidi unasafiri siku nzima kwenye barabara ya vumbi. Ila nafasi ya kuonea inakuwa finyu kidogo kuliko ya gesi, na huwezi kumwambia dokta aliyefundishwa na gesi aache kesho asubuhi. Na kuna troka nyingine za bei kubwa hazina raba hata moja, zinazuia gesi kwa kuizungusha yenyewe kwa kasi pale mlangoni, zinataka mashine yake maalumu. Hizo tuwaachie wenye nazo.

Kwetu sisi dawa ipo na siyo ngeni. Nunueni troka za chuma zenye sili za kubadilisha. Kwenye maelezo ya tenda, mnapoingiza kule NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, msiandike "seti kamili ya laparoskopi na vifaa vyake", hiyo sentensi ndo inatuua, kwasababu mzabuni kwake vifaa vyake ni vile alivyonavyo stoo. Andikeni sili za duara za milimita 5 ngapi, za 10 ngapi, midomo ya bata mingapi, kofia za kupunguzia ngapi, oringi ngapi, kila kimoja na namba yake ya kampuni, na bei yake ifungwe kwa miaka mitatu au minne. Muulizeni mzabuni sili moja inavumilia kuchemshwa mara ngapi, mtengenezaji anajua, imeandikwa kwenye kitabu. Na kitabu kibaki hospitali!

Jambo lingine, msichanganye makampuni. Troka ya kutoka Tuttlingen Ujerumani, ya kutoka Sialkot Pakistani na ya kutoka China zote unaweza kuziona zinafanana mezani, zote za milimita 10, lakini sili ya huyu haikai kwa yule, au inakaa halafu inaleta shida katikati ya kazi. Nimeona droo ina sili tele na hakuna hata moja inayoingia kwenye troka zilizopo. Misaada ndo inachangia sana hapa, kontena linakuja na troka za kampuni tano, nyingine tarehe imepita, tunapiga picha tunashukuru. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba mwaka 2011, na moja ya mambo yanayosisitizwa ni kwamba mpokeaji aulizwe anahitaji nini na atapata wapi spea. Kukataa msaada ni kazi ngumu kwa utamaduni wetu najua, lakini kuuliza swali siyo kukataa.

Na sisi wa ndani tuna letu la kufanya. Kabla troka haijaenda kutakaswa ipimwe, haihitaji mtambo wowote. Unafunga troka yako kamili, unaziba tundu la chini kwa kidole gumba, unasukuma hewa kwa sirinji kupitia kale kabomba ka pembeni ka gesi, unazamisha kichwa kwenye beseni la maji safi. Bubujiko likitoka, mdomo wa bata umekufa. Halafu unaingiza fimbo ya kifaa kidogo tu isifike kwenye kidole chako, unarudia, bubujiko likitoka kuzunguka fimbo, duara limekufa. Dakika mbili. Madaktari nao, hasa hawa vijana wanaojifunza, wafunge midomo ya mkasi na koleo wanapoingiza na wanapotoa, maana mkasi ukiingia umefumbua mdomo unakata sili kuliko unavyokata nyama, na sindano ya kushonea ivutwe kwa uzi wake isikwanguliwe kwenye raba. Kwenye troka za kifuniko cha chuma, kifungue kwa kidole kabla ya kupitisha kamera, la sivyo kinachora lensi, na bei ya lensi naomba nisiitaje hapa watu wasije wakaanguka.

Kuna kitu nataka kukikemea wazi. Wapo mafundi, siwataji, wakikosa sili wanakwenda duka la spea za magari wananunua oringi inayolingana. Inalingana kweli, na kwenye maji haivujishi. Lakini ile raba ilitengenezwa kwa oili na dizeli, hakuna aliyeipima ikigusa mwili wa mtu, na ndani ya otokleivu hujui inatoa nini. Usifanye kaka. Kama ni kutengeneza hapa nchini tutengeneze kweli kweli, silikoni ya tiba ipo sokoni duniani, kumimina kwenye kalibu siyo sayansi ya roketi, vijana wanaosoma ufundi vifaa tiba pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wakipewa kazi hiyo na kalibu nzuri watatoa sampuli, halafu ziende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zipimwe kwa haki, zikifaulu zitumike, zikifeli warudi mezani. Mi ningependa sana kuiona hiyo siku, lakini siyo kwa kuruka upimaji.

Kuna wenzangu wameniambia nikiandika haya wagonjwa wataogopa upasuaji wa matundu. Sidhani. Upasuaji huu ni mzuri, maumivu machache, kidonda kidogo, mtu anarudi nyumbani mapema, na hospitali zetu kubwa zinaufanya vizuri miaka mingi sasa, madaktari wetu wana mikono. Mgonjwa akimuuliza dokta wake "vifaa vyenu vinatakaswaje" hajakosea, ni haki yake, na dokta mwenye theatre iliyokaa sawa atamjibu bila kununa.

Ombi langu kwa Bohari ya Dawa (MSD) na Wizara ya Afya ni moja tu na halihitaji kamati. Sili za troka ziwe na mstari wake zenyewe kwenye orodha ya vitu vya kuagiza, kila saizi na namba yake, zisifichwe ndani ya neno "aksesori", ili mtu wa stoo akifungua kompyuta azione kama anavyoona glovu na sirinji, na mimi nikiandika maombi niandike namba siyo insha. Na hospitali zilizokwishanunua mashine bila sili ziruhusiwe kuagiza mwaka huu huu wa fedha, zisisubiri bajeti ijayo, kwasababu listi ya Jumatatu kwetu ina wagonjwa wanne na troka nzima za milimita 10 ziko mbili.

Fundi vifaa tiba,
Nyanda za Juu Kusini